Pile mbaya inaweza kunyamazisha alamu ya nyumba yako: namna ya kuchagua inayofaa

Katika miji yetu ya mashariki, kuanzia Bunia na Butembo mpaka Goma, Bukavu na Uvira, wakaaji wengi hawategemei tena kadena na mbwa peke yake usiku. Kwenye maduka ya vyombo vya umeme, pembeni ya chaja za simu na taa za jua, kunauzwa mifumo midogo ya alamu isiyotumia waya: kisanduku kimoja kikuu ambacho mafundi wanakiita santrali, sirene, telekomande mbili na vihisi vichache vya kubandika kwenye mlango na ukutani. Mwenye famasi, mwenye duka la simu ao mama anayeuza vitenge ananunua, fundi anafunga, sirene inalia vizuri siku ya kwanza, na kila mtu analala akiwa na moyo mtulivu.

Shida inaanza miezi kadhaa kisha. Ndani ya kila kihisi kuna pile. Pile ikifa, kihisi kinakufa pamoja nayo, na mara nyingi kinakufa bila kuaga. Santrali inaendelea kuwasha taa yake ya kijani kama vile kila kitu kiko salama. Mwenye nyumba anajua ukweli asubuhi, akikuta mlango wazi na stoki imeondoka.

Alamu haimfukuzi mtu mwenye silaha. Kazi yake ni kukupa dakika: uamke, uite majirani, santineli apige filimbi, mtoto asitoke nje. Dakika hizo zinategemea kitu kidogo ambacho wengi wananunua bila hata kusoma maandishi yake. Hii ndiyo sababu inafaa kujua ni pile gani inawekwa wapi, na kwa nini.

Kihisi kinalala zaidi kuliko kinavyofanya kazi

Kihisi cha mlango kina sehemu mbili. Sumaku inabandikwa kwenye mlango, na kisanduku kidogo kwenye fremu. Mlango ukifunguliwa, sumaku inaenda mbali, swichi ya ndani inabadilika, kihisi kinaamka na kutuma ujumbe kwa njia ya redio, mara nyingi kwenye masafa ya megahezi 433. Kihisi cha mwendo, kile cha ukutani, kinatambua joto la mwili wa mtu anayepita mbele yake.

Wakati wote mwingine vihisi hivi vinalala. Vikiwa vimelala vinakula mikroampea chache tu, na mikroampea ni sehemu moja ya milioni ya ampea. Lakini wakati wa kutuma ujumbe, kwa kipande cha sekunde, vinahitaji umeme mara maelfu ya ule wa usingizi.

Kwa hiyo pile ya kihisi inaombwa mambo mawili ambayo pile ya redio haiombwi. Ya kwanza, ikae miezi ao miaka bila kupoteza nguvu yenyewe. Ya pili, itoe nguvu kwa ghafula siku mlango unafunguliwa.

Hapo ndipo kipimo cha fundi kinaweza kudanganya. Pile iliyochoka ikipimwa bila kufanya kazi inaweza kuonyesha volti nzuri. Lakini kihisi kinapotaka kutuma ujumbe, upinzani wa ndani ya pile umekuwa mkubwa, volti zinaanguka, na ujumbe haufiki. Taa ndogo ya kihisi inaweza hata kuwaka, na sirene isilie. Fundi mzuri anapima pile ikiwa inafanya kazi.

Soma herufi, usisome rangi

Duka moja linaweza kuwa na pile za rangi nyingi, zote zenye umbo moja na zote zimeandikwa volti 1.5. Zinaachana kwa herufi ndogo zinazoandikwa pembeni, na herufi hizo zinafuata kanuni ya kimataifa.

Pile ndogo ya kawaida, ile ya telekomande ya televizyo ambayo wengi wanaijua kwa alama AA, inaweza kuandikwa hivi:

R6: hiyo ni zinki-kaboni, ya zamani na ya bei ya chini zaidi.

LR6: hiyo ni alkalini. Herufi L ndiyo inaleta tofauti.

FR6: hiyo ni lithiamu ya volti 1.5, isiyochajiwa.

HR6: hiyo ni ya kuchajiwa, ya nikeli, na volti zake ni 1.2.

Kwa ile nyembamba zaidi ya AAA, namba 6 inakuwa 03: R03, LR03, FR03, HR03. Kwa ile kubwa ya tochi ya zamani inakuwa 20: R20 na LR20.

Kama karatasi ya pile ina maneno makubwa ya Kiingereza ya kusifu kazi nzito, lakini pembeni imeandikwa R6 bila L, hiyo ni zinki-kaboni tu. Inafaa kwa saa ya ukutani na redio ndogo. Haifai kulinda mlango.

Mkono wako pia unaweza kusaidia. Pile ya alkalini ya AA ina uzito wa gramu karibu 23. Ya zinki-kaboni ni nyepesi zaidi. Kama muuzaji anakuuzia pile yenye jina la alkalini na ikawa nyepesi mkononi kuliko ile unayoijua, uliza mara mbili. Angalia pia mwaka wa mwisho wa matumizi ulioandikwa juu yake. Pile iliyokaa miaka mingi kwenye kibanda chenye joto imekwisha kupoteza sehemu ya nguvu mbele hujailipia.

Kuna watu wanaodundisha pile juu ya meza: ikiruka, wanasema imekufa. Watafiti wa chuo kikuu cha Princeton, Marekani, walichunguza jambo hilo mwaka 2015. Waliona kwamba pile ya alkalini inaanza kuruka zaidi kadiri inavyotumika, lakini inafikia kiwango cha mwisho cha kuruka ikiwa ingali na karibu nusu ya nguvu. Kwa hiyo kuruka kunaonyesha kwamba pile si mpya. Hakuonyeshi kwamba imekufa, na kwa pile za aina nyingine jaribio hilo si la kutegemea.

Kila kihisi na pile yake

Sheria ya kwanza ni rahisi: fungua kihisi, soma kile mtengenezaji ameandika ndani ya kifuniko ao kwenye karatasi yake, na uweke aina hiyo hiyo. Hizi ndizo zinazokutana mara nyingi.

A23 ya volti 12. Ni fupi na nyembamba, inapatikana ndani ya vihisi vingi vya mlango vya bei ya chini na ndani ya telekomande za milango mikubwa ya parseli. Ndani yake kuna vipile vidogo 8 vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ndiyo maana volti ni nyingi lakini akiba ni ndogo: karibu miliampea-saa 55 tu, zinazoandikwa mAh.

CR2032 ya volti 3. Ni ile bapa kama sarafu, yenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, jina lake lenyewe linasema vipimo hivyo. Akiba yake ni karibu mAh 220.

CR123A ya volti 3. Ni fupi na nene, ya lithiamu. Akiba yake ni karibu mAh 1,500, na inavumilia baridi na joto. Vihisi vya mwendo vya bei ya juu vinaipenda.

AA na AAA. Kwa kihisi chenye pile mbili ao tatu za aina hii, alkalini ni chaguo la kawaida lililo zuri. Lithiamu ya volti 1.5 inadumu zaidi, ni nyepesi na ni vigumu kuvuja, ila bei yake iko juu, na si kila mtengenezaji anaikubali.

Pile ya mraba ya volti 9. Iko ndani ya vihisi vya mwendo vya zamani. Tafuta 6LR61, ambayo ni alkalini. Ile iliyoandikwa 6F22 ni zinki-kaboni.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini namba hizi zina maana. Tuseme vihisi viwili vinakula kila kimoja mikroampea 10 vikiwa vimelala. Chenye CR2032 kina saa 22,000 kwenye karatasi, ni kusema miaka miwili na nusu. Chenye A23 kina saa 5,500, ni kusema miezi 7 na siku kadhaa. Na hesabu hiyo haijahesabu bado kila mara mlango unafunguliwa. Mlango wa duka unaofunguliwa mara mia kwa siku unamaliza pile mbele ya mlango wa depo unaofunguliwa mara mbili.

Kihisi cha mwendo kilichowekwa sebuleni, mahali watoto wanapita mchana kutwa, kinaamka bila kupumzika hata kama alamu imezimwa. Vingi vina akili ya kunyamaza dakika chache kisha kila ujumbe ili kuokoa pile. Hata hivyo, mahali pazuri ni kwenye korido ya nyuma ao kwenye depo, mahali ambapo mtu hapiti bila sababu.

Umbo moja, hatari mbili

Kosa linaloharibu vihisi vingi ni kufikiri kwamba pile ikiingia, basi inafaa.

Kuna pile ya lithiamu yenye umbo sawasawa na AA, lakini imeandikwa ER14505 na volti zake ni 3.6. Ukiweka mbili mahali pa AA mbili, unapeleka volti zaidi ya 7 kwenye kifaa kilichotengenezwa kwa volti 3. Kinaweza kuungua mara hiyo.

Vivyo hivyo, kuna pile ya kuchajiwa yenye umbo la CR123A, inayoitwa 16340. CR123A ni volti 3. Hiyo nyingine ikichajiwa mpaka mwisho inafika volti 4.2. Kifaa kimoja kinaweza kuvumilia, kingine kinakufa.

Na pile za kuchajiwa za nikeli? Watu wanazipenda kwa sababu zinarudiwa kutumiwa, na kwa tochi ni sawa kabisa. Kwa kihisi kuna shida mbili. Mbili pamoja zinatoa volti 2.4 mahali pa 3, na vihisi vingine vinadhani pile imekwisha siku ya kwanza. Pia zile za kawaida zinapoteza nguvu zenyewe zikiwa zimelala, na kihisi kazi yake ni kulala. Zitumie tu kama mtengenezaji ameandika kwamba zinakubaliwa.

Kamera zisizotumia waya ni jambo lingine, kwa sababu zinakula umeme mwingi na zinachajiwa kwa jua. Nyingi zinatumia seli inayoitwa 18650. Hapa, chunga namba. Seli nzuri ya kawaida ya 18650 iko kati ya mAh 2,500 na 3,600. Ile iliyoandikwa mAh 9,900 inasema uongo kwenye ngozi yake yenyewe.

Joto la mabati na desturi ya kuanika pile

Wengi wetu tumekua tukiona pile za redio zikianikwa juani ili zirudie nguvu. Kwa pile ya zinki-kaboni, joto linaweza kuamsha kidogo kile kilichobaki, na redio ikaongea tena kwa muda mfupi. Lakini pile hiyo haijachajiwa. Ukiiweka ndani ya kihisi, unajipa usiku mmoja ao mbili za matumaini. Kwa pile ya lithiamu, kuianika juani ao pembeni ya moto ni hatari: inaweza kupasuka.

Joto ni adui hata bila kuanika. Kihisi kilichobandikwa karibu sana na mabati yasiyo na dari kinachemka kila mchana, na pile inajila yenyewe haraka zaidi. Uvira ao Kalemie jambo hilo linaonekana kuliko Butembo, ambako hewa ni ya baridi. Teremsha kihisi kidogo chini ya paa kama inawezekana.

Pile ya zinki-kaboni ikikwisha, bati lake la zinki limeliwa na maji ya ndani yanatoka. Alkalini nayo inavuja ikisahauliwa ndani ya kifaa, na inaacha unga mweupe kwenye vyuma. Mara nyingi kihisi kama hicho kinaweza kuokolewa. Ondoa pile, vaa glavu ao mfuko wa plastiki mkononi, pangusa unga kwa pamba yenye tone la maji ya ndimu ao siki, kisha kausha vizuri kabisa mbele ya kuweka pile mpya.

Bei ya kweli inahesabiwa kwa mwezi

Mtu anayesimama mbele ya muuzaji kwenye soko la Kadutu ana feza anayoijua mfukoni, na si haki kumwambia tu anunue kitu cha bei ya juu. Lakini hesabu inaweza kumsaidia. Tuseme, kwa mfano tu, pile mbili za zinki-kaboni ni franka 1,000 na zinadumu miezi 3. Pile mbili za alkalini ni franka 4,000 na zinadumu miezi 18. Za kwanza zinakula franka 333 kwa mwezi, za pili 222. Chukua bei za duka lako, gawanya kwa miezi, na utaona mwenyewe.

Kuna faida nyingine isiyoandikwa kwenye bei. Katika miezi hiyo 18, pile za zinki-kaboni zinamalizika mara 6. Ni nafasi 6 za kusahau, nafasi 6 za mlango kukaa bila mlinzi. Kama feza haitoshi kwa vihisi vyote, weka pile nzuri kwanza kwenye mlango wa nyuma na kwenye dirisha lisiloonekana kutoka barabarani.

Inasikitisha kidogo kwamba pile hizi zinatoka mbali. Zinki inachimbwa Kipushi, udongo wa Manono umejaa lithiamu, na manganizi iko Kisenge. Madini yako kwetu, lakini pile tunaipata kwa kontena.

Usingoje taa nyekundu

Mifumo ya bei ya juu inafanya kihisi kijitangaze kwa santrali kila baada ya muda. Kikinyamaza, santrali inakuambia. Lakini mingi ya bei ya chini inatuma ujumbe upande mmoja tu, wakati mlango unafunguliwa. Kwa santrali hiyo, mlango uliofungwa na kihisi kilichokufa ni kitu kimoja.

Dawa yake haiombi feza. Mara moja kwa mwezi, kwa mfano siku ya kwanza, mchana na majirani wakiwa wamejulishwa, washa alamu, kisha fungua kila mlango na pita mbele ya kila kihisi, kimoja kimoja. Kile kisicholiza sirene kinahitaji pile. Fanya hivyo hasa kwa vihisi vya lithiamu. Volti zake zinabaki juu karibu mpaka mwisho, kisha zinaanguka kwa haraka, kwa hiyo onyo linaweza kuchelewa sana.

Ukibadilisha pile, badilisha zote za kihisi hicho mara moja, za aina na jina moja. Mpya ikichanganywa na ya zamani, ya zamani inavuta mpya chini na inaweza kuvuja. Pangusa pile ya sarafu kwa kitambaa kikavu, kwa sababu jasho la vidole linaweza kuzuia mgusano mzuri. Andika tarehe kwenye kipande cha skochi na ukibandike ndani ya kifuniko. Kisha jaribu mara hiyo.

Usisahau santrali na sirene. Umeme wa SNEL ukikatika, santrali inaishi kwa betri yake ya akiba. Kama ni betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7, na santrali inakula miliampea 100, kwenye karatasi ni saa 70. Lakini betri ya risasi inaharibika ikishushwa mara kwa mara chini ya nusu, kwa hiyo hesabu saa 35, siku moja na nusu. Umeme ukikosekana siku tatu, vihisi vitaita na hakuna atakayejibu. Paneli ndogo ya jua ya kuchaji betri hiyo ina maana kuliko kuongeza kihisi cha tano.

Pile ya sarafu mbali na watoto

Jambo la mwisho linahusu uhai wenyewe. CR2032 ikimezwa na mtoto na kukwama kwenye koo, inaweza kuchoma nyama ya ndani vibaya katika saa 2 tu, hata kama imechoka kwa kazi ya kihisi. Ukidhani mtoto amemeza, usimtapishe, na usingoje aone maumivu. Mpeleke hospitali mara hiyo na useme wazi kwamba ni pile. Pile mpya zikae ndani ya karatasi yake mpaka saa ya kutumia, na zile zilizokwisha zifungwe kwa skochi pande zote mbili, ziwekwe ndani ya chupa yenye kifuniko, mahali pa juu.

Usizitupe ndani ya moto, wala kwenye ziwa, wala kwenye takataka ambazo watoto wanachezea. Na usizirudishe ndani ya droo pamoja na mpya, kwa sababu siku ya giza, mkono unaotafuta pile hausomi tarehe.